Eda Bila Mlango
Sehemu ya Kumi na Moja

Mgongo wa Weris ulikuwa bado umeukaza mlango, vilevile tulivyomwacha Ijumaa iliyopita, na sasa ncha ya mtaimbo ilikuwa imepenya kwenye ufa, karibu kabisa na sikio lake.

"Sukuma, fundi!" Hajia Sirad alifoka huko nje. "Hiyo mlango ni mzee, inatoka na mkono moja."

"Nasukuma, mama. Lakini kama iko kitu nzito nyuma yake."

"Ni gunia ya mchele. Biga tu!" Katika Kiswahili cha Hajia, kila p ilitoka b.

Gunia la mchele! Weris aliuma ncha ya shela lake jeupe asije akapiga kelele. Mwanamke aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi, akijulikana na nusu ya mji wa Garissa, leo anaitwa gunia na mwenye nyumba wake.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, jambo lenyewe ni hili. Awil, mumewe Weris, alikuwa dereva wa lori la mifugo, na lori hilo lilipinduka naye karibu na Modogashe. Mkewe akaingia eda. Mjane wa kwao akiwa edani huvaa nyeupe, hukaa ndani ya nyumba aliyoishi na mumewe, hatoki ovyo wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake, miezi minne na siku kumi. Weris hakujaliwa mtoto. Alichobaki nacho duniani ni kile chumba cha mawe chenye paa la mabati, na heshima ya kuimaliza eda ya Awil ndani yake. Ulikuwa umebaki mwezi tu.

Na Hajia Sirad aliyajua yote hayo. Yeye mwenyewe alishawahi kukaa eda, tena katika jumba lenye mashine ya kupoza hewa, akipepewa na kuletewa supu.

Nyinyi mnaopanga mnawafahamu watu hawa. Mwenye nyumba mjanja haanzi kwa kukutupia vitanda nje, la. Watu wataona, na chifu atasikia. Anaanza na vitu vidogo. Hajia alianza na maji: akaufunga mfereji wa ploti upande wa Weris, akasema tangi linaoshwa. Tangi hilo likaoshwa wiki nzima, kana kwamba lilikuwa maiti.

Kisha akaweka kufuli kwenye choo. Wapangaji wengine wakapewa ufunguo, Weris akanyimwa. Mpangaji wa kawaida angevuka ua akaomba kwa jirani. Mwanamke wa eda avuke vipi? Alikaa na haja yake mpaka rafiki yake aje na ndoo, huku Hajia akipita dirishani na tasbihi mkononi, akimwita dada kwa Kisomali: "Subiri, abaayo. Mungu yuko na wenye kusubiri." Alikuwa anastarehe, huo ndio ukweli wenyewe. Kuna watu kodi inawanenepesha, na kuna watu kama huyu, wanaonenepeshwa na mtu asiyeweza kulipa.

Leo ilikuwa zamu ya mlango.

"Niko eda!" Weris alipiga kelele kwa Kiswahili, ili fundi asikie. "Ndugu, mimi ni mjane! Niko eda humu ndani!"

Mtaimbo ukasimama.

"Mama," fundi akasema pole pole, "ndani kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Gunia ya mchele haiongei, mama."

Fundi huyo aliitwa Guracha, Mborana, mtu wa kazi na mtu wa swala. Hajia alikuwa amemwambia kwamba nyumba ni tupu na mlango umeliwa na mchwa. Alipolisikia neno eda, alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hii sitoi," akasema. "Mtu wa eda? Mimi hapana. Ni haramu."

Moyo wa Weris ukapanda. Ya Rabi, kumbe bado wamo watu!

"Haramu ni kukaa nyumba ya mtu na hulibi," Hajia akajibu, sauti imelegea kama asali. "Sawa, fundi, enda zako. Na yale madirisha ulifunga kwa bloti ingine, bia enda uulize Mungu akulibe."

Guracha alikuwa amefunga madirisha ya nyumba tatu za Hajia na hajaona hata shilingi. Weris akausikia mtaimbo ukirudi kwenye ufa.

"Samahani, dada," fundi akasema. "Mimi sikuangalii. Nimegeuza uso."

Heshima gani hii, ya kumvua mwanamke mlango wake huku umefumba macho? Lakini ndivyo alivyofanya. Bawaba ya juu ikalia, ya chini ikafuata, na jua la Garissa likaingia chumbani bila hodi. Weris akakimbilia kona ya kitanda, akajitanda shuka mpaka machoni.

Fundi hakuingia. Hajia je? Hajia ni mwanamke, hakuna eda inayomzuia. Akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, kama anaingia msikitini.

"Assalamu alaikum, abaayo," akasema, sasa kwa Kisomali chao. "Pole na joto. Angalau utapata upepo."

"Hajia, nimekukosea nini? Kodi si unaipata?"

"Naa! Kodi gani? Tangu mumeo azikwe, mimi kodi ya nyumba hii naisikia tu."

"Nampa Abdiqani. Kila mwezi Ramlo anampelekea Abdiqani, naye anakuletea wewe."

Hajia akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka.

"Abdiqani? Huyo hajaniletea hata salamu."

Abdiqani ni ndugu wa marehemu Awil. Siku ya maziko wazee walikaa, wakasema mwanamke wa eda hapigi bei na watu wala hajibizani na wenye nyumba. Ndugu wa marehemu atasimama mlangoni pake. Kwa hiyo Ramlo, mwenzake wa biashara, akawa anauza maziwa ya wote wawili, na fungu la Weris analikabidhi mkononi mwa Abdiqani. Hakuna aliyeuliza swali. Utamwomba risiti ndugu wa marehemu, aliyewekwa na wazee? Watu wangekuona hukulelewa.

Basi hapo ndipo walipomkabidhi fisi bucha.

"Bisinka! Mlango uko wapi?"

Alikuwa Ramlo, na galoni lake la maziwa begani. Alisimama uani akiutazama mlango uliolazwa chini, kisha akamtazama Guracha, ambaye alikuwa akiukagua mtaimbo wake kana kwamba hajawahi kuuona.

"Hajia, umelaaniwa? Unamfukuza mwanamke wa eda? Hata serikali ina sheria. Kuna notisi kwanza!"

"Notisi nimempa," Hajia akasema. "Nimempa ya maji, akakaa. Nimempa ya choo, akakaa. Mtu amenyimwa choo, bado anataka aandikiwe barua?"

Ramlo alitoa simu, akampigia Abdiqani, akaifungua sauti ili kila mtu asikie.

"Pesa za Weris ziko wapi, wewe mtu?"

"Wa alaikum salaam, Ramlo," Abdiqani akaitikia. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayesoma taarifa ya habari. "Ziko salama. Sijala hata senti. Dumaashi yangu yupo hapo?"

Dumaashi ni shemeji, mke wa ndugu yako. Weris akajikokota hadi karibu na simu.

"Mbona hukulipa kodi, Abdiqani?"

"Nilipe kodi ya nini? Watu wa Awil wapo, na mke wa Awil amepanga kama mgeni. Aibu hiyo mimi siwezi. Kuna nyumba inakungoja, dumaashi."

"Mimi niko eda. Siwezi kuhama."

"Kweli. Mjane haihami nyumba ya mumewe. Ila mwenye nyumba akimfukuza, hapo masheikh wote wanampa ruhusa ahamie kwa watu wa marehemu. Hiyo ni nafuu ya dini. Mimi nilikuwa naingojea hiyo nafuu, basi. Je, Hajia ameshakufukuza?"

"Lori liko njiani," Abdiqani akasema, akakata simu.

Umeuona ujanja wake, msomaji? Hakuwa mwizi wa kawaida wa kula pesa akalewa miraa. Alizikalia pesa zile makusudi, kodi isilipwe, mwenye nyumba akasirike, mjane afukuzwe, na dini yenyewe imfungulie njia. Kila mtu akifanya kazi yake, na yeye mikono yake safi.

Na Weris aliijua nyumba ya watu wa marehemu maana yake nini. Ni dumaal, ile desturi ya mjane kuolewa na ndugu wa mumewe. Abdiqani alikuwa na mke tayari, Lul, aliyeingia nyumba ile akiimba. Mwaka jana Lul aliteleza bafuni akavunjika mkono. Mwaka huu akateleza tena, mkono ule ule. Mtaa mzima ulimpa pole kwa kuteleza, na mtaa mzima ulijua bafu lile halina hata sakafu ya saruji.

"Ramlo," Weris akamshika mwenzake mkono. "Akinichukua huyu nimekufa. Siendi naye hata nikiwa maiti."

"Huendi," Ramlo akasema. "Kaa hapo hapo."

Akaliacha galoni, akatoka mbio.

Wanawake wa maziwa wa Soko Mugdi wana midomo na wana umoja. Hajia alikuwa hajamaliza chai yake kwa jirani, Ramlo akarudi na wenzake wanane, na mfuko wa nailoni uliojaa noti zenye harufu ya moshi wa vibuyu vya maziwa. Akamwekea Hajia mapajani mbele ya wapangaji wote.

"Kodi yako. Yote. Mrudishie mlango."

Hajia akaufungua mfuko, akachungulia, akautia mkobani bila kuhesabu. Uso wake ulitabasamu, na Weris, aliyekuwa akichungulia nyuma ya shuka, akashusha pumzi. Yameisha. Alhamdulillah, yameisha.

"Alhamdulillah," Hajia naye akasema. Kisha akageuka. "Fundi! Banda juu. Toa mabati."

"Nini?" Ramlo akapaliwa. "Si umelipwa?"

"Nimelipwa, na Mungu awazidishie. Sasa nakarabati nyumba yangu. Paa limezeeka."

Paa lilikuwa halijamaliza miaka mitatu. Ukweli ni kwamba chumba kile kilikuwa kimeshaahidiwa mtu wa shirika kutoka Nairobi, atakayelipa maradufu na asiyeuliza maji. Deni lilikuwa kisingizio tu, na kisingizio kikilipwa hutafutwa kingine. Guracha alitazama chini, akakumbuka madirisha yake, akapanda ngazi.

Wanawake wakaanza kupiga kelele. Mmoja akavua kiatu. Kichwa cha Weris kilikuwa kinakimbia. *Mwenye nyumba akimfukuza, hapo ana ruhusa.* Abdiqani alihitaji neno moja tu litoke mdomoni mwa mwanamke huyu. Je, lisipotoka?

"Hajia!" akaita kutoka ndani. "Nakuuliza mbele ya watu hawa. Unanifukuza?"

Hajia akatazama kushoto na kulia. Ua ulikuwa umejaa. Wapo waliokuwa wamewasha simu wanachukua picha, na jina lake la uhaji lilikuwa linaning'inia.

"Mimi? Nimfukuze mjane wa eda?" Akaiinua tasbihi juu. "Wallahi, wabillahi, simfukuzi! Nakarabati tu."

"Mmesikia," Weris akasema. "Ameapa. Sikufukuzwa. Sina ruhusa ya kuhama hata nikitaka. Nakaa."

Wanawake wakaangua kicheko kilichowafukuza kuku uani. Hajia akaishusha tasbihi. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kiapo chake, tena kwa kamba nene.

"Utakaa juani?" akauliza kwa hasira. "Bila paa? Utaiva!"

Weris alimwita Ramlo, akamwambia neno moja sikioni, na Ramlo akapiga makofi kwa furaha.

Mnaijua aqal, ile nyumba ya wafugaji, ya fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa kwa mkono. Ni nyumba ya mwanamke. Yeye ndiye huijenga, yeye huibomoa na kumpakia ngamia, na mume akigombana naye ni mume anayelala nje. Mama yake Weris huko Hulugho alizeeka bila kujua kodi ni kitu gani. Na Ramlo alikuwa na aqal ya marehemu mama yake, imefungwa ndani ya stoo ya maziwa, hukodishwa siku za harusi ili bibi arusi apigwe picha.

Ikaletwa kwa mkokoteni. Bati la mwisho lilipotoka juu, wanawake tisa walikuwa wameshasimamisha fito ndani ya zile kuta nne. Walifunga kamba, wakatandaza mikeka juu, wakaning'iniza mmoja mahali pa mlango. Weris alishika fito kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimtiririka ndani ya nguo nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu Awil azikwe alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilimshtua hata yeye.

Nyumba ndani ya nyumba. Pale pale alipolala mumewe, hajasogea hata hatua.

"Ondoeni hivyo vijiti kwangu!" Hajia akapiga kelele.

"Wewe karabati, Hajia," Ramlo akamwambia. "Sisi hatuna haraka."

Laiti kisa kingeishia hapo. Ningekiacha kwa furaha, nikanywe chai yangu. Lakini lori lilikuwa njiani, na alasiri likafika.

Abdiqani akashuka. Kanzu safi, kikoi kizuri, manukato. Aliutazama ua, akaitazama ile mikeka iliyochomoza pale palipokuwa na paa, akamsikiliza Hajia aliyemnong'oneza mambo ya kiapo. Wanawake wakajipanga, wakingoja matusi.

Hakutukana. Alicheka kidogo, kwa pua.

"Mmefanya vizuri," akawaambia. "Mungu awalipe. Naomba tu nimsalimie dumaashi yangu, kisha niende zangu. Mnywe chai yenu."

Wakamwacha apite. Wangemzuia vipi? Ndiye aliyewekwa na wazee.

Guracha alikuwa akiyapanga mabati uani, na kelele zake zilikuwa za kuziba masikio. Abdiqani alichuchumaa nje ya ule mkeka wa mlango, kwa adabu, akitazama pembeni. Weris alikaa ndani peke yake, amejitanda. Kilichosemwa hapo alikisikia yeye tu.

"Dumaashi, eda hiyo unamkalia nani?"

"Nenda zako, Abdiqani. Sikufukuzwa."

"Sijaja kukuhamisha. Nimekuhurumia tu. Ile safari ya mwisho, kabla ya kuwasha lori, Awil alikuacha. Talaka tatu. Aliisema mbele yangu na mbele ya mtu mwingine."

"Mwongo!"

"Umevaa nyeupe kwa ajili ya mtu aliyekutupa. Umejisaidia kwenye ndoo kwa ajili yake." Sauti ilikuwa ileile ya taarifa ya habari. "Huamini? Tazama nani amekaa kwenye lori. Shahidi wa pili ni huyo."

Weris akapenyeza jicho kwenye tundu la mkeka. Kwenye ngazi ya lori alikuwa ameketi Yahye, kaka yake wa tumbo moja, aliyemfundisha kukama ngamia, aliyemwozesha kwa Awil kwa mkono wake. Alikuwa ameinamisha kichwa. Yahye angetoka Hulugho mpaka hapa kufanya nini, kama si hilo?

Kitu kikamkatika ndani. Awil! Usiku wote ule aliolia. Uchafu ule, kiu ile, mlango ule, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mwanamume aliyemwacha mbele ya kaka yake, na kaka yake akanyamaza! Hasira zikamjaa mpaka hakuona mbele. Kama si mjane, hana eda; ile ya talaka imeshapita. Kama hana eda, Abdiqani si mlinzi wake wala si mtu wake, na dumaal haimhusu. Atakwenda kwa kadhi sasa hivi, kwa miguu yake, azidai pesa zake na jina lake.

Akausukuma mkeka. Akatoka nje.

Akatoka mbele ya wanaume wote wa ploti, juani, akavua shela jeupe kichwani, akalitupa chini miguuni pa Abdiqani.

"Basi!" akapiga kelele. "Sina eda! Sina eda ya Awil!"

Mabati yakanyamaza. Birika la chai likamponyoka mtu. Wanawake tisa waliosimama naye, waliomlipia, waliomjengea, walikuwa wamemtolea macho kama watu wanaoangalia ajali.

"Subhanallah," Abdiqani akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Dumaashi! Nini hii?"

"Waambie! Waambie ulichoniambia! Awil aliniacha talaka tatu!"

"Mimi?" Alirudi nyuma, mkono kifuani. "Nimesema talaka? Nimemsalimia tu, jamani. Astaghfirullah, namsingiziaje marehemu ndugu yangu?"

Weris akageuka, akamkimbilia kaka yake.

"Aboowe! Sema. Wewe ulikuwepo. Sema, Aboowe, Awil aliniacha?"

Yahye akainua macho. Yalikuwa mekundu. Akayapeleka kwa Abdiqani, akayarudisha chini.

"Sijui unasema nini, abaayo," akasema.

Kama angesema mtu mwingine yeyote, Ramlo angempiga kibao. Lakini huyu alikuwa kaka yake. Ramlo akaliokota shela lililotupwa vumbini, akalikung'uta, asijue ampe nani.

"Weris," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwezi mmoja tu ulibaki. Hukuweza kumvumilia marehemu mwezi mmoja?"

"Ramlo, amenidanganya! Wallahi ameniambia kwa mdomo wake!"

"Ndugu yako amesema hajui."

Hajia Sirad alikuwa ameshasimama katikati ya ua. Tasbihi ilikuwa inakwenda mbio.

"Niliapa simfukuzi," akatangaza. "Je, nimemfukuza? Ametoka mwenyewe, kwa miguu yake, kichwa wazi. Nyote ni mashahidi wangu."

Mwanamke mmoja wa maziwa, mkubwa kuliko wote, akaingia ndani ya zile kuta akaanza kufungua kamba. Wa pili akamfuata. Mkeka wa kwanza ukashuka, wa pili ukashuka. Nyumba ile walimjengea mjane, na mjane hatupi nyeupe miguuni pa mwanamume. "Ngojeni kidogo," Ramlo aliwaambia, lakini aliwaambia kwa sauti ndogo, na mikono yake haikumzuia mtu.

Weris aliwatazama wakikunja. Hana paa wala mlango, na sasa hana hata watu wa kumsemea. Abdiqani akaufungua mlango wa lori.

"Panda, dumaashi. Jua kali."

"Panda, abaayo," Yahye akasema. "Nitakaa katikati. Niko na wewe."

Akapanda. Msimlaumu. Angebaki pale amtazame nani?

Lori likatoka. Abdiqani aliendesha huku anaguna wimbo, Yahye katikati, Weris dirishani, kichwa wazi, akijiambia kwamba nyumba ile ya Lul ina milango miwili, na mmoja unatokea barabarani. Ataangalia utaratibu. Atamsubiri Abdiqani alale. Mtu hafi kwa siku moja.

Njia ya kuingia kwa Abdiqani ikaja. Lori likaipita bila kupunguza mwendo.

"Umepita kwako," Weris akasema.

"Najua kwangu kulipo."

Nyumba zikaanza kupungua. Wakaikamata barabara ya Modogashe, na Abdiqani akabadilisha gia.

"Unanipeleka wapi, Abdiqani?"

"Kwa mumeo, eda ikiisha." Akamtupia jicho, akatabasamu. "Siku zote hizi umekuwa ukinikimbia mimi. Nani amekwambia huyo mume ni mimi?"

Weris akamgeukia kaka yake amuulize. Yahye alikuwa ameuficha uso wake ndani ya kofia, analia.